Mfuko wa Godoro la Bibi Ida

Makambako,
21 Februari 1993

Mwanangu Anneth,

Sisi hatujambo, yaani hakuna aliyelazwa. Bibi yako anakusalimu, kamwene, na anasema usome. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo kwa sababu kiti na kitanda viko nje uani, na mvua inakuja.

Tuna kunguni. Sitaki kuzunguka. Wamekuja na godoro la bibi yako kutoka Kifanya. Unalijua godoro hilo, umelala juu yake miaka yote aliyokulea baada ya mama yako kufariki. Nilipokwenda kumchukua mwezi wa kumi na moja, baada ya kuanguka na kuumia nyonga, nilimwomba aliache. Akasema hapandi gari bila godoro lake. Odilo, yule kondakta, akalifunga juu ya basi huku ananichekea: "Mama Yunisi, godoro hili nalo lina nauli yake." Kumbe lilikuwa limepakia abiria.

Nimemwaga maji ya moto. Nimepaka mafuta ya taa kwenye mbao za kitanda mpaka chumba kinanuka kama kibatari. Miguu ya kitanda nimeisimamisha kwenye makopo yenye mafuta. Jua la kuanikia hakuna, unaijua mvua ya huku. Wao wanakaa ndani ya godoro, na ndani mimi sifiki. Sasa wamepita ukutani hadi chumba cha Shamimu, binti wa mwenye nyumba. Jana Mama Shamimu alikuja akasimama mlangoni na kanga yake begani, hakuingia.

"Yunisi," akasema, "mimi sina ugomvi na mama yako. Nina ugomvi na hao aliokuja nao. Wageni wetu wa Idd wanatoka Tanga. Godoro lichomwe, au lizibwe, au mtafute chumba kwingine. Kabla ya Idd."

Nikamweleza bibi yako habari ya kulichoma. Akasema, "Nichomeni nalo." Basi, hapo mazungumzo yakaisha.

Kwingine siwezi kwenda. Hakuna anayempangisha mtu chumba pamoja na mzee asiyeweza kutembea mpaka chooni peke yake. Na Kifanya hakuna mtu, nyumba imefungwa. Kwa hiyo ni kuliziba. Mzee Hamis, baba yake Shamimu, anauza vitu vya kuzibia katika duka lake hapo mbele, tena vya aina tatu. Kuna mfuko wa plastiki laini wenye maua na zipu, umetoka Dubai. Kuna mpira mzito unaokatwa kwa mita. Halafu kuna vitambaa, ambavyo fundi Mudy atavishona. Zamani za foleni ungekuta aina moja ukachukua ukashukuru. Sasa kila kitu kipo na kuchagua kumekuwa kazi.

Wewe unasoma baiolojia. Tazama vitabu vinasemaje halafu niambie kimoja tu. Siwezi kununua mara mbili, na nimechoka kufikiri. Baba yako mdogo Sadock bado yuko Mchuchuma anangoja makaa ya mawe yaanze kuchimbwa. Kila barua anasema mwezi ujao.

Mama yako mdogo,
Yunisi


Njombe,
28 Februari 1993

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako Ijumaa, na tangu Ijumaa nimekuwa maktaba kila nafasi niliyopata. Samahani kama barua yangu itakuwa ndefu.

Nilitaka kumuuliza mwalimu wa baiolojia, lakini angeniuliza mbele ya darasa kwa nini nataka kujua, na wenzangu wangehama vitanda. Nikatafuta mwenyewe. Kuna kitabu cha afya ya nyumbani, kurasa zake zimeliwa na mende, lakini ukurasa wa kunguni umepona.

Kinasema kunguni hana mabawa na hawezi kutoboa kitu. Anapita mahali ambapo tayari pana nafasi. Mchana hujificha kwenye mishono ya godoro. Jambo lililonishangaza ni kwamba anaweza kukaa mwaka mzima na zaidi bila kula. Kwa hiyo mfuko hauwaui mara moja. Mfuko unawafunga humo ndani, na lazima uendelee kufungwa hata wewe utakapokuwa umesahau kwamba wapo.

Nikafikiri juu ya hivyo vitu vitatu. Plastiki laini itachanika kwenye mbao za kitanda. Tena zipu, pale inapoishia, huwa inaacha kitundu, na mtoto wa kunguni ni mdogo kama mbegu ya mchicha. Kitambaa kina nafasi katikati ya nyuzi, na kwa macho huwezi kujua ni kubwa kiasi gani. Mpira mzito hauna nafasi yoyote. Fundi Mudy aushone kama gunia, godoro liingie, halafu ashone na mdomo wake, asiweke zipu. Mishono yote ipakwe nta ya mshumaa ili matundu ya sindano yazibe.

Jana, Jumamosi, tuliruhusiwa kwenda sokoni, nikaenda mahali wanapouza mipira hiyo ili niishike kwa mkono kabla ya kukushauri. Nilisimama muda mrefu. Nilishindwa kumsemesha muuzaji. Mwishowe yeye akasema, "Dada, unanunua au unasoma?" Watu wakacheka. Nikaushika haraka nikaondoka. Ni mzito kweli, mwekundu wa matofali, na una harufu.

Kwa hiyo chaguo langu ni mpira. Nimeufikiria kila upande.

Mwambie bibi namsalimu sana. Mwambie kunguni watafungwa na yeye atalala.

Mwanao,
Anneth


Makambako,
8 Machi 1993

Anneth,

Nimefanya kama ulivyosema. Mudy ameshona, nta nimepaka mwenyewe. Mama Shamimu amekuja, ameuvuta kila pembe, amesema sasa ndiyo.

Bibi yako hajambo. Hasemi sana.

Usingizi unanishika hapa nilipo, nitaandika siku nyingine.

Yunisi


Makambako,
14 Machi 1993

Dada Anneth,

Hunijui, mimi ndiye Shamimu, yule wa chumba cha pili ambaye kunguni wenu walikuja kumtembelea bila hodi. Usijali, nimewasamehe, tuko kwenye Mwezi Mtukufu. Nilimaliza darasa la saba mwaka juzi na sasa nauza duka la baba, kwa hiyo kuandika bado naweza, ila mwandiko wangu unapanda mlima kama unavyouona.

Naandika bila kumwambia mtu. Bibi Ida halali kitandani. Siku ya kwanza alipolazwa juu ya ule mpira mpya, nilikuwepo, nilimshika mguu. Mpira ukalia, unajua unavyolia, kwarakwara. Akamwangalia mama yako mdogo. Mama yako mdogo akaangalia dirisha. Halafu bibi akasema, "Nishusheni." Tukamshusha. Tangu hapo analala chini kwenye mkeka na blanketi moja, na sakafu ya huku ni barafu. Amepata kikohozi.

Nimemuuliza, "Bibi, mpira una nini? Unakuumiza?" Akasema, "Hauumizi." Nikamuuliza, "Una joto?" Akasema, "Shamimu, wewe umefunga, pumzisha mdomo."

Jana amenituma nimwite Odilo wa basi. Anataka arudishwe Kifanya baada ya Pasaka. Nilifikiri mama yako mdogo atapiga kelele. Alikuwa anakanda unga wa maandazi, akaendelea kukanda.

Mimi nampenda bibi. Ananifundisha Ukristo wa kwenu, eti nikimjibu vibaya ananiimbia pambio. Wewe ndiye uliyechagua mpira, nasikia. Basi andika kitu.

Ni mimi,
Shamimu Hamis


Njombe,
17 Machi 1993

Bibi yangu,

Shikamoo. Shamimu atakusomea barua hii. Naomba usome taratibu, Shamimu.

Bibi, nimesikia hulali kitandani. Kosa ni langu. Mama mdogo aliniuliza na mimi nikachagua. Nilifikiri juu ya kunguni tu, namna wanavyopita na namna ya kuwazuia. Sikufikiri juu ya mtu atakayelala juu yake. Labda unakutoa jasho. Labda kelele zake zinakuamsha. Labda ni ile harufu. Niambie ni lipi kati ya hayo, nitatafuta dawa yake. Shuka nzito mbili juu yake zinaweza kusaidia.

Tafadhali usiende Kifanya. Hakuna wa kukuchotea maji wala wa kukuwashia moto. Mimi niko huku, na kila nikifungua kitabu nakuona umelala sakafuni.

Mjukuu wako,
Anneth


Makambako,
21 Machi 1993

Mjukuu wangu Anneth,

Kamwene. Naongea na Shamimu anaandika. Nimemwambia aandike nilichosema, asipambe.

Kitabu chako hakikukosea. Kunguni wamefungwa. Nimewasikiliza, hakuna aliyetoka. Jasho silijui. Harufu nimenusa mbaya zaidi. Shuka mbili jiwekee mwenyewe utakapoolewa.

Mimi nimelala juu ya mpira mara moja tu, hospitali ya misheni, siku niliyomzaa Yunisi. Nilifurahi nilipotoka juu yake na mtoto. Mara ya pili niliuona mpira chini ya mama yako. Kristina alilala juu yake wiki zake za mwisho. Wewe ulikuwa mdogo, tulikupeleka kwa jirani ukale viazi huko. Yunisi alikuwa msichana wa umri wako wa sasa. Yeye ndiye aliyekuwa akiuosha mpira ule kila asubuhi na kuuanika uani. Kifanya watu wakiona mpira umeanikwa uani hawaulizi tena mgonjwa anaendeleaje. Wanauliza wataleta kuni lini.

(Hapa bibi amenyamaza. Naandika kwamba amenyamaza kwa sababu aliniambia niandike yote. Shamimu.)

Mimi sijikojolei. Shamimu, andika hilo. Nachelewa kufika, lakini nafika. Na sijafa.

Wewe hukujua. Ulisoma kitabuni, na kitabu hakikumuuguza mama yako. Sina neno na wewe. Lakini Yunisi anajua. Mkono wake ndio ulioutandika. Alinitazama nami nikamtazama, akageuka dirishani. Sikumuuliza. Ukimuuliza mtu aliyechoka, atakujibu, na jibu likishatoka halirudi mdomoni.

Sijakasirika. Nilimlea, namjua. Anaamka kabla ya jogoo kupika chai ya watu wa stendi, anarudi ananigeuza, ananiosha, anakwenda tena. Mumewe yuko kwenye makaa ya mawe yasiyochimbwa. Nimeona mwenyewe ni wakati. Nitakwenda Kifanya Jumatatu ya Pasaka, Odilo amekubali. Nitajikokota. Watu wengine wamejikokota kabla yangu.

Usimwambie Yunisi niliyosema. Nakwambia wewe kwa sababu ulifikiri ni jasho.

Bibi yako,
Ida

(Dada, nimeandika na machozi yakadondokea pale kwenye neno kuni, ndiyo maana limeenea. Bibi ameuliza nini kimedondoka, nimesema ni mafua. S.)


Njombe,
25 Machi 1993

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Idd kwa Mzee Hamis inakwenda vizuri na wageni wa Tanga wamelala bila shida.

Hii ni mara ya nne naanza barua hii. Kulikuwa na swali nililoliandika nikalifuta. Naona ni bora nikuandikie juu ya godoro.

Nimebadili chaguo langu. Nilikushauri vibaya. Nilitafuta kitu kisichopitisha kunguni nikasahau vingine vyote. Naomba tutumie kitambaa. Najua nilisema kitambaa kina nafasi kati ya nyuzi, na hilo ni kweli, lakini vitambaa havilingani. Kilichofumwa kwa kubana sana hakitawapitisha. Mimi siwezi kukichagua nikiwa huku. Tena sidhani ni mimi au wewe tunaopaswa kukichagua. Bibi mwenyewe apelekwe dukani akishike. Macho yake hayaoni vizuri lakini vidole vyake unavijua.

Shughuli ya kubadilisha ifanyike uani, mchana, mbali na mlango, ili wasitawanyike ndani tena. Mpira umwagiwe maji yanayochemka mara tu ukitolewa. Mwombeni ruhusa Mama Shamimu kwanza, mwambieni mfuko mpya utashonwa mdomo hapohapo.

Ulisema huwezi kununua mara mbili. Nimetuma kwa Odilo kile nilichokuwa nacho. Usinirudishie.

Nitakuja Ijumaa Kuu. Tumepewa ruhusa mpaka Jumatatu.

Mama mdogo, unalala?

Mwanao,
Anneth


Makambako,
1 Aprili 1993

Anneth,

Swali ulilolifuta nimelisoma. Unaandika kwa nguvu, kalamu imeacha mfereji upande wa pili wa karatasi. Niliiweka karatasi kwenye mwanga wa dirisha, swali likaonekana lote.

Sitalijibu. Nikisema sikujua nitakuwa namdanganya mtoto wa dada yangu. Nikisema nilijua, hata mimi sijui nilijua kiasi gani. Barua yako ilifika, imeandikwa mpira, na mimi nikasema moyoni, basi, si mimi niliyesema. Tuishie hapo.

Nikueleze ya godoro, maana yanafurahisha kidogo.

Mama Shamimu alikubali, wageni walikuwa wameshaondoka na furaha ya Idd ilikuwa bado ipo. Jumanne tulimchukua bibi yako mpaka dukani, mimi mkono huu, Shamimu mkono ule. Si mbali, ni kuzunguka nyumba, lakini tulipumzika mara mbili. Mzee Hamis akamletea kiti, akasema, "Karibu, Bibi Ida. Chagua, vyote ni vyako."

"Kama ni vyangu, mbona mita umeishika wewe?"

Mzee Hamis akacheka mpaka akavua kofia. Wakamletea kitambaa cha marekani. Bibi yako akakikunja kitambaa mara moja, akakiweka mdomoni, akamwambia Shamimu aweke kiganja upande wa pili. Akapuliza.

"Unasikia upepo?"

"Nasikia, bibi, kama mlangoni."

"Rudisha. Hicho ni cha kuchekechea unga."

Kikaja kingine, cha mistari, kile cha magodoro kabisa. Akapuliza. Shamimu akasema upepo ni mdogo. Bibi yako akasema, "Na kunguni naye ni mdogo. Rudisha." Duka likajaa watu. Mtu mmoja wa malori alikuja kununua betri akabaki kutazama. Mudy akatoka kwenye cherehani yake akasema, "Bibi, utamaliza pumzi kabla sijapata kazi." Akajibiwa, "Pumzi zangu zina nini? Na wewe unazihesabu?" Mudy akaona aibu. Mimi pia, ingawa sikuambiwa mimi.

Mwisho ikaletwa khaki, nzito, ya kijani iliyokolea. Akapuliza, akapuliza tena, uso ukamwiva. Shamimu akasema, "Sisikii kitu."

"Hiyo."

Mudy akasema, "Bibi, hii ni khaki ya suruali za mgambo."

"Ndiyo. Nataka mgambo."

Tulifanya kazi uani kama ulivyoelekeza, Mama Shamimu mwenyewe alishika birika la maji ya moto, amefunga kanga kichwani kama anakwenda vitani. Mudy alishona pande zote mara mbili kwa mashine. Mdomo hakushona yeye. Bibi yako aliomba sindano ya magunia akaushona mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, anapapasa kwa vidole kila mshono kabla ya kuingiza mwingine. Ilichukua mchana mzima. Mimi sikwenda stendi. Nilikaa nikimshikia kitambaa. Alipofika mwisho akakata uzi kwa meno, akasema, "Humo ndani watakuwa wanaulizana mchana umekwenda wapi."

Amelala kitandani siku ileile. Kikohozi kinapungua.

Lakini bado anasema Jumatatu ya Pasaka anakwenda, na Odilo bado anajua hivyo. Sasa sababu ya mpira haipo, na safari iko palepale.

Mimi sijamwambia abaki, Anneth. Nikifungua mdomo kusema abaki, nasikia miguu yangu inanikatalia. Nikinyamaza, namfukuza mama yangu. Nasimama mlangoni na maneno yote mawili, halafu maji yanachemka, natoka.

Umeniuliza kama nalala. Nalala nikiwa nimesimama, nikipepea moto. Juzi niliamshwa na mteja aliyekuwa ananiuliza chai yake iko wapi, na kikombe nilikuwa nimeshika mimi.

Ukija njoo na sweta.

Yunisi


Makambako,
Jumapili ya Pasaka

Mama mdogo,

Nakuandikia ingawa uko upande wa pili wa ukuta. Kwa mdomo ningeanza kusema halafu ningeangalia chini, unanijua. Karatasi hii nitamwachia Shamimu aiweke juu ya kigoda karibu na kichwa chako, ili uione kabla hujaanza kukimbia.

Usikimbie. Stendi hakuna chai leo, nimemwambia Odilo awaambie watu wako. Alisema, "Mama Yunisi amelala? Mpaka saa hizi? Haleluya." Bibi ameshakunywa uji. Nimemuosha. Mara ya kwanza nilimwaga maji mengi masikioni mwake, akasema wewe huwa unaanza na miguu. Mara ya pili nilianza na miguu.

Siku hizi mbili nimelala naye juu ya godoro. Nitakwambia ukweli, niliogopa. Nimesoma kiasi kwamba nilijua wako wangapi na wanafanya nini chini ya mgongo wangu. Nililala nimekaza mwili kama ubao. Bibi akasema, "Legea. Wao wamefungwa, wewe mbona umejifunga?" Halafu akataka kwenda nje, nikamshika, tukaenda, tukarudi, na nilipojilaza akataka tena. Kabla ya asubuhi nilikuwa siwezi kuinua mkono. Mikono yako ndiyo imekuwa ikifanya hivyo tangu mwezi wa kumi na moja. Mimi kwenye barua zote nilikuwa nikituma salamu.

Jana mchana, wewe ukiwa stendi, nilimuuliza. Sijui nilipata wapi sauti.

"Bibi, unapenda kwenda Kifanya?"

"Nani anapenda kwenda kwenye nyumba ambayo jiko limelala baridi?"

"Sasa mbona unakwenda?"

"Yunisi amechoka."

"Mtu aliyechoka si analala, bibi? Kwa nini wewe ndiye uhame?"

Nilidhani nimemkosea adabu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikarudi, nikampa maji. Akasema, "Watu wazima wawili tumetazamana mwezi mzima, na hakuna aliyefikiria kulala."

Amemwita Mama Shamimu. Walizungumza wenyewe, mimi nikatolewa nje, lakini mlango ni mwembamba. Wamekubaliana hivi. Mara mbili kwa wiki Shamimu atalala na bibi, na wewe utalala kitandani kwa Shamimu, kama jana. Mama Shamimu alisema, "Mimi nilikuwa naogopa wadudu wake, Bibi Ida. Wewe sikuwahi kukuogopa." Shamimu anasema anataka kufundishwa pambio lote, si kipande. Mwezi wa sita nikifunga shule nitakuja kukaa hapa, si kwa Pasaka tu. Vitabu vinasomeka hata uani. Odilo alipopita asubuhi kuuliza mzigo, bibi alimwambia mwenyewe kwamba hakuna mzigo.

Juu ya lile swali nililolifuta. Nilikuwa nimekusudia nikuombe unijibu ukiniangalia. Jana jioni nilikuja mlangoni kwa ajili hiyo. Ulikuwa umelala na viatu, mkono mmoja umening'inia, kiganja wazi, na vidole vina nyufa za magadi na moto. Nikakuvua viatu nikatoka. Sihitaji jibu tena. Bibi naye hahitaji. Amesema atakwambia mwenyewe neno moja, ukiamka, na neno lenyewe ni "kaa".

Wimbo wa kanisani unasikika kutoka huku. Bibi anauimba kitandani, sauti ya pili, anachelewa kidogo. Huenda ndiyo iliyokuamsha. Kama ndiyo, samahani. Hakuna unachotakiwa kufanya.

Lala tena.

Mwanao,
Anneth